Tomati zetu za mubichi



Tangu miaka hii wenzetu wa internati wanatuita "batu ba tomati mubichi". Hatukasiriki. Lakini wanafunzi wapya wanasikia lile jina, wanacheka pamoja na wengine, na hawajui linatoka wapi. Ndiyo sababu sisi wa chumba cha tatu tuliomba ndugu wa gazeti watupatie ukurasa mbili, tuandike mambo namna yalivyokuwa, na makosa yetu ndani yake.

Ilikuwa mwezi wa tisa mwaka 2022. Tulikuwa saba mu chumba. Mumoja wetu alikuwa finalisti, na mwaka ule alipashwa kuandika Egzamini ya Leta. Hatutaandika jina lake, yeye mwenyewe atajijua. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, mama yake alikuwa anauzisha makala kwa kopo kando ya barabara, na feza za kushiriki mu egzamini hakukuwa. Hakutuambia kitu. Tulijua kwa sababu alianza kukunja vitabu vyake na kuviweka mu sanduku, sawa mutu anayejitayarisha kwenda zake.

Basi tukaenda kwa Prefe, wote sita, tukaomba kile kipande cha shamba kilichokuwa kinalala bure nyuma ya jiko. Prefe akatuuliza tunataka kulima nini. Tukajibu: tomati. Akacheka kidogo. Kisha akakubali kwa sharti moja: tatu kwa moja ya mavuno itakuwa ya jiko la internati, kwani ile udongo ni ya shule. Tukaona ni haki. Tuliporudi mu chumba tukahesabu kwa kalamu: miti 240 ya tomati, kila muti kilo mbili... Ao! Kwa karatasi tulikuwa tayari matajiri.

Hapa tukiri kosa la kwanza. Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa ametuambia kuacha santimetre 50 kati ya muti na muti, na santimetre 80 kati ya mustari na mustari. Lakini kipande kile hakikutosha miti 240 kwa namna ile. Mu pahali pa kupunguza miti, tulipunguza nafasi. Tulipanda kwa santimetre 30, na mu mistari ingine hata 25. Tuliwaza kusema mwalimu anaongea mambo ya kitabu.

Tulipanda mbegu mwanzo wa mwezi wa tisa, tukahamisha miche mwanzo wa mwezi wa kumi, tukakata vijiti vya mikalitusi, tukafunga kila muti kwa kamba ya ndizi. Tulimwanga majivu na mavi ya mbuzi. Dawa ya shaba tulinunua mara moja tu, sababu feza ya mara ya pili hatukuwa nayo. Mwezi wa kumi na moja ile shamba ilikuwa uzuri mutupu! Majani yalikuwa yanagusana, udongo hauonekani. Watu waliokuwa wanapita kwenda kisimani walikuwa wanasimama na kuangalia. Na sisi tulikuwa tunajitembeza pale kila mangaribi mbele ya maombi, kama tunatafuta kitu, na hatutafuti kitu.

Kwetu hapa kilimani ni baridi. Ziwa Kivu lenyewe liko kwa urefu wa metre 1 460, na sisi tunaliangalia kutoka juu. Mwezi wa kumi na mbili mvua ilinyesha siku tatu pasipo kupumuzika, na asubui ukungu ulikuwa unashuka mupaka mu darasa. Siku ya ine mwenzetu finalisti aliamka wa kwanza, akaenda shambani, akarudi na jani moja mu mukono. Lilikuwa na alama kubwa nyeusi-kijani, sawa limemwangiwa maji ya moto. Hakusema kitu. Aliliweka juu ya meza.

Mwalimu wa biolojia akaligeuza. Chini yake, pembeni ya ile alama, kulikuwa na unyoya mweupe mudogo, sawa ukungu wa mukate. Akasema:

— Ni mildiu. Kule kwa majirani munaona viazi vya ulaya vilivyokauka? Ilitoka kule kwa upepo na mvua.

Tena akatueleza kwamba ni ugonjwa ule ule ulioingia mu viazi vya inchi ya Irlandi mwaka 1845, na watu karibu milioni moja walikufa kwa njaa na kwa magonjwa yaliyofuata. Unapenda baridi, unapenda maji juu ya majani. Na shamba ambamo majani yanagusana, haiwezi kukauka upesi. Aliangalia mistari yetu, kisha akatuangalia sisi. Hakuongeza neno. Ilikuwa vibaya kupita kama angetugombeza.

Shauri lake lilikuwa fupi: chumeni leo tomati zote ambazo hazijaguswa, hata za kijani, kwani kama munangoja juma moja hamutakuwa na kitu.

Na hapo ndipo kosa la pili. Hatukuchuma siku ile. Tuligombana. Tatu kati yetu walisema tuchume. Wengine tatu walisema tomati mubichi nani ataununua? Tungoje tu kidogo, jua litatoka, zile kubwa zimebakiza siku chache ziwe nyekundu. Mwenzetu finalisti, ambaye shauri lilikuwa lake kuliko wote, alinyamaza. Tunaona leo kwamba alikuwa anaona haya kuamua juu ya kazi ya mikono yetu. Tulibishana mupaka taa ikazimwa, na kesho yake tena. Siku mbili! Jua halikutoka. Siku ya tatu miti ilikuwa myeusi kutoka chini mupaka katikati, na harufu yake tungali tunaikumbuka. Tunda nyingi tulizoacha safi zilikuwa na alama ya rangi ya kahawa, ngumu, karibu na kikonyo.

Tulichuma siku nzima mu mvua, tukiacha hata chakula cha saa sita. Tulifanya mafungu matatu. Fungu la kwanza: zenye alama. Zile tulizika mu shimo la kina pamoja na miti yote, sababu mwalimu alisema tukizitupa pembeni ugonjwa utaendelea kwa majirani wengine. Lilikuwa fungu kubwa kuliko yote, tuliona uchungu sana kulifunika. Fungu la pili: kubwa na safi. Ili kujua kama zitaweza kuiva, mwalimu alitufundisha kupasua moja kwa kisu. Kama ndani kuna utelezi na mbegu zinakimbia kisu, ile imekomaa na itaiva hata nje ya muti. Kama ndani ni kavu na kisu kinakata mbegu, ile haitaiva muzuri hata ukiiweka mwezi. Fungu la tatu ndilo hizi zisizokomaa, lakini ngumu, safi, beseni ine na zaidi. Zile za kidogo kabisa, sawa marisasi, tuliziacha.

Tukabeba beseni ine kwa jiko. Tuliwaza Mama Mupishi atafurahi, sababu juma lile watoto walikuwa wanakula maharagi matupu, na mu soko bei ya tomati ilikuwa imepanda. Akaweka mwiko chini, akaangalia.

— Iyi ni nini, batoto?

— Mama, ni ile sehemu ya jiko, Prefe alisema.

— Mubichi? Iyi ni sumu! Mama yangu alitukatazaka tangu tuko badogo.

— Mama, Mwalimu anasema kama si sumu ukiipika.

— Mwalimu anasema! Kama mutoto mumoja analala na tumbo ile usiku, ni nani batafukuza? Mwalimu? Haiko Mwalimu. Ni mimi, na batoto yangu ine kule nyumbani. Muondoshe.

Tulitoka tukinung'unika. Lakini usiku, mu kitanda, tuliona kama alikuwa na haki. Sisi tulikuwa tunahesabu tomati, yeye alikuwa anahesabu kazi yake.

Kesho yake mwalimu alikuja mwenyewe kwa jiko, akaketi juu ya kiti kidogo, akazungumuza naye kwa heshima. Aliyosema tunaandika hapa kwa sababu wengi wangali wanaogopa. Tomati, biringanya, pilipili, viazi vya ulaya na hata tumbako ni wa jamaa moja, na wote wana dawa zao za kujilinda na vidudu. Ya tomati inaitwa tomatini. Iko nyingi mu majani, mu shina na mu tunda dogo sana, inapunguka kadiri tunda linavyokuwa na kuiva. Tunda la kijani lililokwisha kukua, mutu akila kwa kiasi mu chakula, halimudhuru. Marekani, sehemu za kusini, ni chakula cha kawaida: wanazikata vipande, wanazipakaa unga wa muhindi, wanakaanga. Lakini majani na vikonyo hapana kupika, na zile ndogo za uchungu hapana. Tena akasema kitu ambacho Mama Mupishi alikipenda: kwamba mama yake hakukosa kabisa, kwa maana kiazi cha ulaya kilichogeuka kijani kwa jua ni kibaya kweli, kina solanini, na kukipika hakukiponyeshi. Labda wazee waliona kile na kuogopa hii.

Mama Mupishi akafikiri. Kisha akatoa hukumu:

— Muzuri. Basi beo bakule ba kwanza. Bote saba. Nangojea mupaka asubui.

Tulikula. Alizikaanga mu mafuta ya ngazi na kitunguu na chumvi, alitupimia yeye mwenyewe, akasimama pale akiangalia midomo yetu. Zilikuwa chachu, lakini chachu nzuri, sawa ndimu kidogo. Usiku ule hakuna aliyelala vizuri, si kwa tumbo, ni kwa kusikiliza tumbo. Mumoja wetu aliamka mara tatu kuuliza wengine: "Weye, unasikia kitu?" Asubui tulikwenda kwa jiko wote saba kwa mustari, sawa waaskari wanaohesabiwa. Mama akatuhesabu kwa kidole. Akasema: "Leteni ile beseni."

Hadisi ingeishia hapo kama sisi tungekuwa na akili. Ile siku ilikuwa zamu yetu kusaidia jiko. Mama alikuwa amekwenda kupokea unga, maharagi yalikuwa yameanza tu kuchemka, na sisi tukawaza kumufurahisha. Tulikata beseni nzima, tukamwanga mu sufuria kubwa ya maharagi. Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Maharagi yalikuwa magumu sawa mawe. Tuliongeza kuni, tukaongeza maji. Saa nane wanafunzi walikuwa wanapiga sahani kwa vijiko, na kuni za siku mbili zilikuwa zimekwisha kuungua. Walikula hivyo hivyo, wakitafuna, wakitutazama. Ndiyo siku tulipopata jina letu.

Mwalimu alitueleza kiisha: uchachu unazuia maharagi kulainika, unakaza ganda lake na ile gundi inayoshikanisha nyama yake ndani. Kila kitu kichachu, tomati ao ndimu, unakiweka wakati maharagi yamekwisha kuwa laini, hapana mbele. Mama Mupishi alisema yeye alijua hivyo tangu ujana, tena pasipo masomo ya biolojia, na kama tungemungoja dakika kumi angetuambia.

Tangu siku ile alipika yeye. Kwanza maharagi mupaka yalainike. Tomati mubichi alizikaanga pembeni na kitunguu na pwaro mupaka ziwe rangi ya majani makavu, ndipo alichanganya na kuacha vichemke pamoja dakika chache. Chumvi alionja mwisho. Kwa sambaza ilikuwa muzuri kupita. Sambaza kavu za ziwa zina harufu kali, na ule uchachu unaitengeneza. Wengine walifuta sahani kwa bugali mupaka ikang'aa. Kama uchachu ulizidi, alitia karoti mbili zilizokunwa, ao kijiko cha sukari, lakini sukari alikuwa anaifungia kwa ufunguo na hakupenda tumuone. Zile vipande za kupakaa unga wa muhindi tulizijaribu mara moja kwa walimu. Zinakula mafuta mingi. Haiko chakula cha watoto mia mbili.

Sasa zile zilizokomaa. Tuliziweka mu katoni sita, mustari moja moja juu ya magazeti, zisigusane, na mu kila katoni kamaramasenge mbili zilizoiva. Sababu ni hii: ndizi inayoiva inatoa hewa moja, etileni, na tomati ikiipata inaanza kuiva nayo. Jua halihitajiki, hata giza haidhuru. Kinachohitajika ni joto la kadiri, karibu digri 20. Baridi chini ya digri 10 inaziharibu ladha, na joto juu ya 30 linazuia ile rangi nyekundu. Hilo la mwisho hatukulisikia vizuri, ama tulisikia na hatukusadiki, maana katoni mbili tuliziweka mu jiko, juu ya moto, ili ziende mbio. Zilikwenda mbio kweli. Ziligeuka rangi ya manjano yenye mabaka, laini, na hakuna aliyetaka kuzinunua. Zile ine za mu chumba, chini ya vitanda, zilikawia zaidi, lakini zilikuja nyekundu. Kila asubui tulikuwa tunavuta katoni na kuondosha yenye alama yoyote, sababu moja tu inaoza na kuozesha majirani yake. Tuliondosha nyingi.

Masomo yalipofungwa kwa Noeli, wawili wetu wanaokaa karibu walibeba zile katoni kwao juu ya kichwa. Kati ya Noeli na Bonane waliuzisha mu soko la Mudaka. Ladha haikuwa sawa na ya tomati iliyoivia juani, lazima tuseme kweli, na mama mumoja alirudi kuwaambia hivyo. Lakini siku zile kila nyumba inapika, na rangi ilikuwa nzuri. Walirudi mwezi wa kwanza na feza mu soksi. Tulihesabu juu ya kitanda. Haikufika nusu ya iliyotakiwa.

Mwenzetu alisema: "Inatosha, bandugu. Mulifanya." Akaanza tena kukunja vitabu.

Hatujui kama Mama Mupishi alisikia ama aliambiwa. Siku ya posho alituita. Mu pembe ya ghala kulikuwa na chupa 31, zimejipanga. Wakati wa likizo alikuwa amechukua beseni ya mwisho, ile tuliyomuachia tukiwaza itaoza, akaipika na vitunguu, pilipili, vinegri, chumvi na ile sukari yake ya kufungiwa, polepole mupaka ikawa nzito, akaitia ingali moto mu chupa alizochemsha. Alisema yeye hawezi kuuzisha, ni mupishi wa shule, watu watasema aliiba mu ghala. Lakini sisi tunaweza.

Tuliuzisha kwa walimu, kwa wazazi walioleta watoto, kwa wauguzi wa dispansari. Juma moja tu, chupa zilikwisha. Sasa ilibaki kidogo. Prefe akatupatia muda mupaka katikati ya mwezi wa tatu, na mu kile kipande cha shamba, pahali pa tomati ambapo hatukupashwa kupanda tomati wala viazi tena, tulimwanga lengalenga. Lengalenga haichelewi, juma tano inatosha. Kila asubui mbele ya darasa tulikata mafungu, mwana wa Mama akayapeleka sokoni. Siku ya mwisho ya kulipa, mwenzetu alilipa. Mu 2023 aliandika egzamini pamoja na wengine. Leo anafundisha mu shule ya musingi, na barua yake ya mwisho ilikuwa inauliza kama chupa imebaki.

Haikubaki. Tulipanda tomati tena mu kipande kingine, kwa santimetre 50, na miti ni 110 tu. Sasa taabu yetu imegeuka. Mama Mupishi anapita pale na kikapo mbele ya jua kutoka, na zile kubwa za kijani, zilizobakiza siku chache tu, tunakuta vikonyo vitupu. Tukimuuliza, anajibu kwamba tatu kwa moja ni ya jiko, na Prefe hakusema rangi.